Kipato na kazi za nyumbani: mwongozo kamili wa kuchagua mwenzi wa ndoa

Swali huja kwa sura nyingi lakini ni lile lile: "Tulizungumza mambo ya pesa kabla ya ndoa, mbona tunagombana kila mwisho wa mwezi?" Ukiwauliza walizungumza nini hasa, unakuta mmoja alitaja mshahara wake, mwingine akasema "usijali, tutasaidiana", kisha wakaendelea kupanga sherehe. Kazi za nyumbani hazikutajwa, au zilitajwa kwa utani.

Kipato na kazi za nyumbani ni hesabu moja. Saa ambazo mtu anatafuta pesa ni saa ambazo hayupo kuosha, kulea wala kupika, na kuna mtu mwingine anayezifidia. Ukichagua mwenzi kwa kuangalia upande mmoja tu wa hesabu hiyo, upande wa pili utakufuata ndani.

Hatua zifuatazo ni kwa watu ambao tayari wana mtu wanayemfikiria kwa dhati. Hazitakuambia nani aoshe vyombo. Kuna nyumba zinazokwenda vizuri mmoja akitafuta na mwingine akitunza, na kuna zinazokwenda vizuri kila kitu kikigawanywa. Zinazovunjika mara nyingi ni zile ambazo kila mmoja aliingia na mpango wake kichwani akidhani mwenzake anao huo huo.

## Andaa vitu hivi kwanza

- Kumbukumbu ya kipato chako cha miezi 6. Kama hulipwi mshahara wa kudumu, tafuta ya miezi 12, ili mwezi mzuri mmoja usikudanganye.
- Orodha ya madeni yako yote: unamdai nani, unadaiwa na nani, kiasi gani kwa mwezi, na yanaisha lini.
- Orodha ya watu wanaotegemea pesa yako au mikono yako. Wazazi, wadogo zako, mtoto wa uhusiano uliopita.
- Daftari la wiki moja linaloonyesha muda wako unakwenda wapi. Andika siku hiyo hiyo, usisubiri Jumapili ukakumbuka kwa kukisia.
- Vikao vitatu au vinne vya ana kwa ana, kila kimoja kisizidi saa moja na nusu. Usifanye mazungumzo haya kwa ujumbe wa simu; sentensi ya pesa isiyo na sauti husomwa vibaya.

Angalizo moja kabla hatujaanza. Kuonyeshana hali ya fedha hakumaanishi kupeana namba za siri, kadi ya benki au nakala za vitambulisho. Wala hakumaanishi kumdhamini mtu mkopo ili kuthibitisha upendo. Mtu anayeyataka hayo kabla ya ndoa ameshakujibu maswali yote yaliyobaki.

## Hatua ya 1: Jikague wewe kabla ya kumkagua mwenzako

Chukua karatasi, andika unachotarajia mwenzi alete kwa upande wa pesa na afanye kwa upande wa nyumba. Kisha andika wewe utaleta nini na utafanya nini. Usipambe.

Sababu ya kuanza hapa ni kwamba wengi wetu tumerithi matarajio bila kuyachunguza. Aliyelelewa na baba ambaye hakuwahi kushika ufagio anaweza kuapa kwamba yeye ni tofauti, halafu akaishi miaka bila kugundua kwamba anaingia nyumba iliyosafishwa na mtu mwingine.

Mwaka 1989 mwanasaikolojia David Buss alichapisha utafiti wa vigezo vya kuchagua mwenzi uliohusisha watu zaidi ya 10,000 katika makundi 37 ya utamaduni. Karibu kila mahali wanawake walitilia uzito uwezo wa kifedha wa mwenzi kuliko wanaume walivyofanya. Lakini watu walipotakiwa kupanga sifa kwa umuhimu, wanawake na wanaume wote waliweka wema, kuelewana na akili juu ya uwezo wa kuingiza pesa. Miaka 10 baadaye Alice Eagly na Wendy Wood walirudia kuchambua takwimu hizo, wakaonyesha kwamba tofauti kati ya wanawake na wanaume katika kutafuta mwenye kipato hupungua pale jinsia zinapokaribiana kwa usawa. Maana yake ni kwamba unachokitafuta kinatokana kwa sehemu na nafasi unayodhani utakuwa nayo nyumbani. Ukijiona utabaki nyumbani kulea, ni busara kutafuta mwenye kipato imara. Ukijiona utafanya kazi miaka yote, hitaji lako ni jingine, na huenda bado unachagua kwa kigezo cha maisha ambayo hutayaishi.

Sasa tafuta migongano kwenye karatasi yako. Ya kawaida ni hii: kutaka mtu mwenye kipato kikubwa na pia awepo nyumbani kila jioni; kutaka mwenzi alete mshahara kamili na pia afanye kazi zote za ndani; kutaka kuhudumiwa kwa kila kitu na pia kuwa na sauti sawa katika kila uamuzi wa pesa. Huwezi kuvipata vyote. Kata kimoja.

Utajua umemaliza ukiweza kuisoma karatasi hiyo kwa sauti mbele ya mtu anayekuheshimu bila kuruka mstari.

## Hatua ya 2: Kisome kipato, usiishie kwenye tarakimu

Kiasi ni sifa moja tu ya kipato. Zipo nyingine nne: kinaingia kwa mpangilio au kwa kuruka, kinapanda au kinashuka, kinabakiza kiasi gani baada ya madeni na wategemezi, na kinagharimu saa ngapi, hasa saa za wakati gani.

Tuchukue mfano ambao tutatembea nao hadi mwisho. Mmoja ni dereva wa masafa marefu, mwingine ni mwalimu. Tusitaje sarafu, tuseme kwa pamoja huingiza 100 kwa mwezi. Dereva huingiza 60, mwalimu 40. Kwa macho ya haraka, dereva ndiye mwenye pesa.

Lakini 60 ya dereva ni wastani, kwa sababu analipwa kwa safari. Iko miezi anapata 90, na miezi mitatu mibaya ya mwaka hupata kama 35. Anarejesha mkopo wa 15 kila mwezi na kumlipia mdogo wake ada ya 5. Kinachobaki kwenye wastani ni 40. Mwalimu anapata 40 ile ile kila mwezi, anawatumia wazazi 5, anabaki na 35. Pengo la 20 limekuwa pengo la 5. Hapo bado hatujahesabu kwamba dereva halali nyumbani siku nyingi za wiki.

Kwa kipato kisicho na mpangilio, kanuni ni rahisi: furahia kwa wastani, panga kwa miezi mibaya.

Kuwa macho na ukarimu wa wakati wa uchumba. Zawadi, safari na kulipa bili bila kuangalia bei vinaonyesha mtu anatumiaje, havionyeshi ana nini. Nimeona watu wakiupima uwezo wa mwenzi kwa vitu ambavyo baadaye walikuja kuvilipia wao, kwa sababu vilinunuliwa kwa mkopo.

Kosa la upande wa pili lipo pia. Kumkataa mtu kwa kipato kidogo cha leo bila kuuliza kinaelekea wapi ni kusoma ukurasa mmoja. Mwanafunzi wa ufundi aliyebakiza mwaka mmoja na mtu mzima aliyeacha kazi nne kwa kugombana na mabosi wanaweza kuwa na salio moja leo.

## Hatua ya 3: Madeni na wategemezi mezani

Mficha uchi hazai. Kikao cha kwanza kiwe cha orodha hizi mbili, na anayeyataka mazungumzo haya ndiye aanze kufungua ya kwake. Ukianza kwa kudai orodha ya mwenzako, umegeuka afisa mikopo.

Kwa kila deni uliza mambo matatu: lilikuwa la nini, linaisha lini, na nini kitatokea likichelewa. Deni la kununua vifaa vya kazi si sawa na deni la kulipa deni jingine.

Kwa wategemezi, usiulize "utaacha lini kuwasaidia?" Swali hilo hufunga mlango. Uliza msaada huo umepangwa au unatokea tu simu ikiita. Mtu anayetuma 5 kila mwezi kwa wazazi anapangika. Mtu asiyeweza kukataa ombi lolote la ndugu yeyote hapangiki, hata kama kwa mwaka mzima anatoa kidogo zaidi. Uliza pia kuhusu mikono: je, kuna mzazi ambaye siku moja atahamia kwenu, na nani atamhudumia? Hili la mwisho husahaulika, na mara nyingi jibu la kimyakimya ni "mke wangu".

Kikao kimefaulu kama kila mmoja ameondoka na tarakimu moja: kinachobaki kwa mwenzake baada ya madeni na wategemezi.

## Hatua ya 4: Orodhesha kazi za nyumbani mpaka zile zisizoonekana

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa sababu wanadhani ni hatua ya dakika tano. Mnasema kupika, kufua, kuosha, kulea, mnagawana, mnaondoka mmeridhika.

Kila kazi ya nyumbani ina sehemu kabla na baada ya ile inayoonekana. Mwanasosholojia Allison Daminger, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2019 baada ya kuwahoji wenzi wa jozi 35, aligawa kazi hii ya kichwani katika sehemu nne: kuona mapema kwamba kitu kitahitajika, kutafuta njia za kukipata, kuamua, na kufuatilia kama kimefanyika. Aligundua kwamba uamuzi ndio hufanywa na wote wawili. Kuona mapema na kufuatilia huwaangukia wanawake zaidi.

Chukua sabuni ya kufulia. Kufua ni kazi ya saa mbili, kila mtu anaiona. Lakini kuna mtu aliyegundua Jumanne kwamba sabuni iliyobaki haitafika Jumamosi, akakumbuka kuwa ile ya kawaida inamtoa mtoto vipele, akaiandika, akaulizia, akainunua, na Ijumaa akaangalia kama sare za shule zimeletwa kwenye kapu la nguo chafu. Anayekuja Jumamosi kuweka nguo kwenye mashine na kusema "leo nimefua" anasema kweli. Amefanya robo ya kazi.

Kwa hiyo andikeni orodha yenye safu tatu. Safu ya kwanza, jina la kazi. Ya pili, nani anakumbuka na kufuatilia. Ya tatu, nani anatenda. Pitieni siku nzima tangu kuamka hadi kulala, kisha wiki, kisha mwezi, kisha mambo ya mwaka kama kodi ya nyumba, chanjo na ada. Mnapofika kwenye watoto, kama mnawataka, igawanyeni kazi hiyo vipande: nani anaamka usiku, nani anaomba ruhusa kazini mtoto akiugua, nani anajua namba ya viatu vyake.

Kisha tazameni safu ya pili peke yake. Kama jina moja limeijaza yote, mmeshaona ugomvi wenu wa mwaka wa tatu.

Msikwepe hatua hii kwa kusema "tutaweka msaidizi wa kazi". Msaidizi anachukua safu ya tatu. Ya pili inabaki kwa mmoja wenu, na inaongezeka, maana sasa kuna mfanyakazi wa kumwelekeza na kumlipa.

Wala msidhani kwamba mambo haya hujigawa yenyewe kwa haki. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 2018 ilikadiria kwamba wanawake hutumia wastani wa saa 4 na dakika 25 kwa siku katika kazi za matunzo zisizolipwa, wanaume saa 1 na dakika 23. Msipopanga, mtaelekea huko.

## Hatua ya 5: Jumlisheni saa

Leteni yale madaftari ya wiki. Kwa kila mmoja, jumlisha saa za kazi ya kulipwa, saa za njiani, na saa za kazi za nyumbani mlizokubaliana kwenye hatua ya 4.

Dereva wetu: saa 60 barabarani, saa 6 za kazi za nyumbani. Jumla 66. Mwalimu: saa 40 shuleni, saa 6 za kusahihisha madaftari, saa 5 za kwenda na kurudi, saa 24 za kazi za nyumbani. Jumla 75.

Kabla ya hesabu hii dereva angeapa kwamba yeye ndiye anayechoka zaidi, na angesema hivyo kwa moyo safi, kwa sababu uchovu wake una jina na malipo. Mwalimu angekuwa na manung'uniko asiyoweza kuyaeleza. Sasa kuna kitu cha kuzungumza: saa 9 kwa wiki. Dereva akichukua saa 4 na nusu kutoka kwa mwalimu, wanalingana. Hawezi kupika akiwa safarini, ila anaweza kubeba kazi zisizotaka awepo kila siku: bili zote, manunuzi makubwa, matengenezo, ufuatiliaji wa ada na fomu, kufua siku za mapumziko. Na abebe pamoja na kukumbuka. Mwalimu asilazimike kumpigia simu kumwambia bili imefika.

Usawa wa saa si lazima uwe wa dakika kwa dakika. Kazi ngumu ya mwili, zamu za usiku, ujauzito, ugonjwa, vyote vina uzito ambao saa haiuonyeshi. Tumieni jumla hii kuanzisha mazungumzo, msiitumie kama hukumu.

### Kama mmoja atabaki nyumbani

Mchumi Gary Becker, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1992, alieleza kwa nini mgawanyo wa aina hii huweza kuipa familia faida: kila mmoja anabobea upande wake, na kwa pamoja mnazalisha zaidi. Kama hesabu ya nyumba nzima, ni kweli. Tatizo ni kwamba ujuzi wa anayetafuta pesa unapanda thamani sokoni kila mwaka, na wa anayebaki nyumbani unashuka. Ndoa ikivunjika, au mtafutaji akifariki, mmoja ana kazi na mwingine ana pengo la miaka 10 kwenye wasifu wake.

Kwa hiyo anayebaki nyumbani asikubali mpango huo bila mambo haya kutamkwa: akiba ya jina lake inayowekwa kila mwezi kutoka kwenye kipato cha nyumba, jina lake kwenye mali mnazonunua mkiwa pamoja, mafao ya uzeeni au bima ya maisha inayomtaja, na pesa ya matumizi yake anayoichukua bila kuomba. Sheria za mali za wanandoa hutofautiana nchi na nchi. Saa moja na mwanasheria kabla ya kuacha kazi ni nafuu kuliko kesi.

Namna mwenzako anavyoyapokea madai haya inakufundisha kuliko jibu lake. Anayesema "kwani huniamini?" ameligeuza suala la ulinzi wako kuwa suala la hisia zake.

## Hatua ya 6: Chagueni mfumo wa pesa kwa kuujaribu na tarakimu

Watu hubishana "kapu moja au kila mtu na lake" kana kwamba ni dini. Ingizeni tarakimu kwanza.

Tuseme bili za pamoja za dereva na mwalimu ni 60 kwa mwezi. Kumbuka baada ya madeni na wategemezi dereva ana 40 na mwalimu 35.

Wakigawana nusu kwa nusu, kila mmoja anatoa 30. Dereva anabaki na 10, mwalimu 5.

Wakigawana kwa uwiano wa mishahara kabla ya makato, 60 kwa 40, dereva anatoa 36 na mwalimu 24. Dereva anabaki na 4, mwalimu 11. Mwenye mshahara mkubwa ndiye anayekwama, na watu wa nje hawatamwelewa.

Wakigawana kwa uwiano wa kinachobaki, dereva anatoa 32, mwalimu 28. Wanabaki na 8 na 7.

Njia ya tatu inaonekana ya haki kuliko zote, ila ina swali ndani yake: kwa nini mwalimu asaidie kulipa mkopo ulioanza kabla yake? Kama mkopo ulinunua leseni ya daraja la juu inayoilisha nyumba leo, jibu ni rahisi. Kama ulinunua gari la kutembelea, mwalimu ana haki ya kusema hilo ni lako. Binafsi naona swali hili lina thamani kubwa kuliko mfumo wenyewe, kwa kuwa linawalazimisha kusema ni nini kinakuwa chenu na ni nini kinabaki chako.

Sasa jaribuni mwezi mbaya. Dereva akipata 35, akitoa 20 za mkopo na ada, anabaki na 15. Ukiongeza 35 za mwalimu inakuwa 50. Bili ni 60. Kila mwezi mbaya unahitaji 10 kutoka kwenye akiba, na miezi mibaya ni mitatu. Kwa hiyo watu hawa wasiingie ndoani bila akiba ya 30, au wapunguze bili. Wakitenga 5 kwa mwezi, wataifikisha kwa miezi 6. Hiyo inaweza kuwa sababu halali ya kusogeza tarehe ya harusi, au kupunguza harusi.

Mfumo wowote mtakaochagua, kila mmoja abaki na kiasi fulani asichokitolea maelezo. Hata kama ni kidogo.

## Hatua ya 7: Upigeni mpango wenu dhoruba

Chagueni matukio manne, myajibu moja baada ya jingine kwa tarakimu na majina.

Mtoto amezaliwa. Watafiti Henrik Kleven, Camille Landais na Jakob Søgaard walifuatilia takwimu za Denmark, wakaona kwamba baada ya mtoto wa kwanza kipato cha wanawake hushuka kulinganisha na cha wanaume, na kwa muda mrefu pengo hilo hubaki kama asilimia 20. Denmark ni nchi yenye likizo ya uzazi na huduma nzuri za watoto. Msiseme "tutaona", semeni kipato cha nani kitapungua, kwa muda gani, na atafidiwaje.

Mmoja amepoteza kazi. Je, aliye nyumbani atachukua kazi za nyumbani zote kwa kipindi hicho? Watu wengi husema ndiyo haraka. Uliza tena, taratibu, huku mkitazama ile orodha ya safu tatu.

Mke amemzidi mume kipato. Mwaka 2015 wachumi Marianne Bertrand, Emir Kamenica na Jessica Pan, wakitumia takwimu za Marekani, waliona kwamba pale mke anapomzidi mume kipato, pengo la kazi za nyumbani huongezeka. Mke hufanya zaidi, kana kwamba anaomba radhi. Kama wewe ni mwanamke mwenye kipato kizuri, usidhani pesa zako zitakununulia muda moja kwa moja. Kama wewe ni mwanamume, jiulize ungewaambia nini rafiki zako, na kama ungehisi haja ya kuwaficha.

Ofa ya kazi mji mwingine. Nani anamfuata nani, na kwa kigezo gani? "Mwenye mshahara mkubwa" ni kigezo kinachojilisha chenyewe: kila hama inamkuza mmoja na kumrudisha nyuma mwingine, mpaka hakuna tena cha kujadili.

Hatua imefaulu mkipata angalau jibu moja lililowashangaza. Mkikubaliana kwa yote manne ndani ya dakika 20, kuna mmoja anayekubali tu ili kumfurahisha mwenzake.

## Hatua ya 8: Tazama mikono

Maneno yamekwisha, sasa angalia kwa miezi michache kama mikono inafuata. Fanyeni kazi moja halisi yenye bajeti na tarehe: kumhamisha ndugu, kuandaa shughuli ya familia, kukarabati chumba. Usitangaze kwamba ni jaribio.

Angalia nani anakumbuka bila kukumbushwa. Angalia pesa ikizidi bajeti, anasema mapema au unagundua kwenye risiti. Angalia pia anavyokaa katika nyumba ambayo si yake kuanzia siku ya tatu, ile ambayo mgeni hupewa jembe. Anainuka? Anauliza sahani zinawekwa wapi mara moja tu, au kila siku?

Kuna kutojua na kuna kujifanya kutojua. Anayeunguza wali mara ya kwanza anajifunza. Anayeunguza kila wiki mpaka unyanyuke wewe amejifunza kitu kingine.

## Hatua ya 9: Amueni

Tofauti mlizoziona zigaweni mafungu mawili. La kwanza ni za kiasi: saa, asilimia, nani anafua. Hizi zinajadilika, na watu wenye nia njema huzimaliza. La pili ni za ukweli na heshima: deni lililofichwa, kipato kilichopambwa, hasira kila unapouliza, dharau kwa kazi za nyumbani au kwa mtu anayezifanya. Fungu la pili halirekebishwi kwa jedwali. Tofauti moja ya huko ina uzito kuliko kumi za kwanza.

Mkiamua kuendelea, andikeni makubaliano kwenye ukurasa mmoja: mfumo wa pesa, orodha ya safu tatu, majibu ya zile dhoruba nne, na tarehe ya kuupitia upya. Tarehe ya kwanza iwe miezi 3 baada ya kuanza kuishi pamoja, kisha kila kipato au familia inapobadilika. Ukurasa huu si mkataba wa kisheria. Kama mnataka unaobana, nendeni kwa mwanasheria.

## Ukikwama

Mwenzangu anasema kuzungumza pesa ni kukosa mapenzi. Anza na ya kwako, bila kumdai lolote. Fungua orodha yako ya madeni, nyamaza. Wengi hufuata ndani ya wiki moja au mbili. Asiyefuata baada ya miezi amekupa jibu la hatua ya 9.

Tumeshafunga ndoa bila kufanya haya. Anzeni na hatua ya 5, kujumlisha saa, kabla ya kugusa pesa. Saa huchokoza ugomvi mdogo kuliko madeni, na tayari mna wiki halisi ya kuipima badala ya kubuni.

Familia zetu zinataka mgawanyo tofauti na wetu. Hamlazimiki kuwaonyesha ule ukurasa. Kila mmoja azungumze na ndugu zake mwenyewe. Usimtume mwenzako kwenda kutetea uamuzi wenu mbele ya watu wako.

Kipato chetu kiko chini kiasi kwamba hakuna cha kugawa. Rukeni hatua ya 6, mkae zaidi kwenye ya 3, ya 4 na ya 5. Pesa ikiwa haba, muda ndiyo mali pekee mnayogawana, na anayekosa usingizi peke yake huanza kuhesabu mapema.